Makofi ni ya Mikono, Mwalimu Apolonia Alitaka Miguu

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili, hata padri: sentensi iliyomkalisha chini Mwalimu Apolonia Jilala mbele ya mkutano wa kijiji, mwezi Machi mwaka jana, niliiandika mimi. Watu wanasema ni ya mjomba wangu Valerian. Mjomba aliisoma tu.

Na mimi huyohuyo ndiye niliyepewa kazi ya kumwandikia wasifu.

Haya. Mwalimu Apolonia Jilala anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 14 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya ualimu. Alianza mwaka 1991 katika shule ya msingi huko Mhunze, Kishapu ikiwa bado haijawa wilaya, akiwa na madawati kumi na moja na watoto themanini na sita. Akahamia Tinde, akasoma stashahada huku anafundisha, na mwaka 2007 akaletwa sekondari hii ya kwetu, mwendo mfupi kutoka machimbo ya Mwakitolyo. Shule ilikuwa na vyumba viwili vya madarasa na choo kimoja, ambacho walimu na wanafunzi walipokezana kwa kukohoa kutoka mbali. Amefundisha Kiswahili na Historia. Amekuwa mlezi wa klabu ya mdahalo tangu siku klabu ilipozaliwa, yaani tangu siku alipoizaa yeye.

Mkuu wa Shule, Mwalimu Benjamini, aliniita Jumatatu akaniambia, "Dorah, wewe kuongea hapana, lakini kuandika unaandika. Tuandikie wasifu mchangamfu, ukurasa mmoja na nusu, usomwe kwenye sherehe na uchapwe kwenye ratiba. Na usiweke mambo ya watu." Nimeshauandika huo mchangamfu. Umekamilika, upo chini ya atlasi hapa stoo ya vitabu ninapoandikia. Una maneno "mchapakazi" na "mlezi wa vipaji" na "mdau mkubwa wa elimu Bwana Valerian, mgeni rasmi wetu." Kila nikiusoma nasikia hasira inanipanda hadi masikioni.

Huu ni mwingine.

Nianze na mstari, kwa sababu bila mstari huwezi kumwelewa Mwalimu Apolonia. Katika shule nyingine, mdahalo ukiisha watu wanapiga makofi na mwenyekiti anatangaza mshindi. Yeye alichora mstari wa chaki katikati ya darasa la Kidato cha Pili, akaondoa madawati, akatusimamisha wote juu ya mstari. Msemaji wa kuunga mkono alikaa kulia, wa kupinga kushoto, na wakati wanaongea, ukiguswa na hoja unasogea hatua moja kwa huyo aliyekugusa. Ukibadili mawazo unarudi. Mwisho tunahesabu miguu. Tukipiga makofi alikasirika. "Makofi ni ya mikono," alisema. "Mkono unadanganya, unapiga ili usionekane umelala. Mimi nataka miguu."

Hakuitoa katika kitabu chochote. Baba yake alikuwa mcheza ngoma wa Bagika, na utotoni alimfuata kwenye mashindano ya baada ya mavuno, ambapo Bagika na wapinzani wao, chama cha Bagalu, wanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na anayeshinda ni yule ambaye watu wamehamia kwake. Hakuna jaji pale. Baba yake alikuwa anaingia uwanjani na fisi aliyekaushwa mgongoni, na watu wakahama. Mwalimu alituambia, "Ninyi hamna fisi. Mna hoja. Haya, wahamisheni."

Kila Ijumaa, siku ya mdahalo, kile kibao cha mbao, kinachovishwa shingoni mwa anayekutwa anaongea Kiswahili shuleni, alikitundika kwenye msumari mlangoni. "Kibao nacho kina haki ya kupumzika," alisema. Tulijadili kwa Kiingereza, halafu hoja ileile tena kwa Kiswahili, na hapo ndipo miguu ilipoanza kutembea. Nakiri hapa kwamba mimi nilipenda ya Kiingereza. Kwa Kiingereza najificha. Kwa Kiswahili watu wananiona.

Mwaka 2016 aliwapeleka wanafunzi sita mnada wa ng'ombe wa Tinde, wakawashawishi watu wazima, wenye fimbo na haraka zao, wachanje mifugo. Mmoja wao sasa ni fundi redio mjini na bado anaisimulia. Alisimama juu ya kreti ya soda akaanza, "Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa waamuzi wenye haki, wageni waalikwa, mabibi na mabwana..." Mzee mmoja mwenye madume mawili akamgeukia Mwalimu akamuuliza, "Huyu mtoto anaumwa?" Watu wakaangua kicheko. Mwalimu alimshusha, akamnong'oneza, akampandisha tena. Safari hii akaanza na salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka. Baba, huyo dume wako mwekundu nani alimpa jina?" Yule mzee akasimama kujibu. Baada ya dakika kumi walikuwa watu thelathini wamesimama.

Nilichojifunza kwake ni kwamba kushawishi kunaanza masikioni kabla ya kufika mdomoni. Alikuwa na sheria ambayo tuliichukia: kabla ya kumpinga mwenzako, irudie hoja yake vizuri kuliko alivyoisema yeye, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndivyo nilivyosema." Hapo tu ndipo unaruhusiwa kumjibu. Wavulana wa Kidato cha Nne walinuna. "Mwalimu, sasa si namsaidia?" Akajibu, "Ndiyo. Msaidie asimame vizuri. Ukimwangusha aliyekaa vibaya, umeshinda nini?"

Kwa sheria hiyo alikwenda machimboni mwaka 2014, vijana kumi na mmoja wa shule hii walipoacha madaftari wakaingia maduarani, yale mashimo ya dhahabu. Alikwenda peke yake na rejista mkononi, akakaa kwenye mfuko wa mawe pembeni ya shimo, akawasikiliza nusu siku. Akawarudishia maneno yao yote: njaa, sare, na baba aliyeuza ng'ombe wa mwisho. Wakasema, "Ndivyo." Walidhani sasa atawahubiria. Badala yake akatoa karatasi akampa kila mmoja. "Niandikie jina la mama yako na njia ya kufika kwake. Shimo likibomoka, nataka nijue habari nitaipeleka nyumba ipi." Halafu akaondoka. Jumatatu yake tisa walikuwa darasani. Mmoja alirudi na ile karatasi, alikuwa hajaiandika.

Huyo ndiye mtu tunayemuaga. Sasa niseme tulichomfanyia.

Miaka sita Mwalimu Apolonia alikuwa anawashawishi wazazi wajenge bweni la wasichana. Wenzangu wanaotoka mbali wanapanga vyumba senta, kati ya vilabu na maduka ya wanunuzi wa dhahabu, wasichana wa miaka kumi na tano wanafunga milango kwa kamba. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akawarudishia watu hoja zao, na watu wakaanza kuleta mawe. Ukienda mnadani unapitia shuleni unatua jiwe. Lundo likafika dirishani. Kiwanja kilikuwa kimepatikana nyuma ya madarasa.

Mjomba Valerian naye alikitaka. Ana maduara manne, na mtaalamu wake alimwambia mkanda wa dhahabu unapita chini ya kiwanja kile. Mimi na mama tunaishi kwake tangu baba afariki. Jioni moja aliniita sebuleni, akaniambia nikae, jambo ambalo si kawaida.

"Nasikia wewe ndiye unawaandikia wenzako hotuba."

"Ndiyo, Mjomba."

"Wanashinda?"

"Wanashinda."

"Basi niandikie na mimi. Mkutano ni Jumanne."

Ningeweza kusema nilimwogopa. Nilimwogopa, lakini siyo hiyo iliyoniandikisha. Mwaka mzima nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa chaki nikiangalia maneno yangu yanatoka katika vinywa vya watu na miguu inahama, na hakuna anayejua ni yangu. Nilitaka kuona kama ninaweza kuhamisha kijiji. Nilijua kabisa ni kwa ajili ya nini. Nilijiambia ni zoezi tu, si Mwalimu mwenyewe anatufundisha tuweze kusema upande wowote?

Nikatumia kila alichonipa. Niliirudia hoja ya bweni vizuri kuliko alivyoisema yeye. Nikaweka njaa, nikaweka vijana wasio na kazi, nikaweka mtu mmoja mwenye jina badala ya takwimu. Mjomba akasoma, akatikisa kichwa. "Nzuri. Lakini haina pilipili."

Mwalimu Apolonia ana sheria nyingine, ambayo kila mwanafunzi wake anaweza kuikariri usingizini: gusa hoja ya mtu, usiguse mwili wake wala nyumba yake. Niliijua. Nikaandika pilipili.

Naiandika hapa mara ya mwisho, kwa kuwa mpaka leo watoto wa msingi wanaitaniana kwa sentensi hiyo njiani na wanadhani ni ya Mjomba: "Mwalimu anataka nyumba ya watoto wetu, kwa sababu wa kwake hawakuja."

Mkutano wetu wa kijiji siku hizi haunyooshi mikono. Mwenyekiti aliiga kwa Mwalimu; kuhesabu mikono kulikuwa kunaleta ugomvi kila mara, wengine wananyoosha miwili. Kwa hiyo wanachora mstari wa majivu uwanjani, na watu wanasogea. Majivu yenyewe hutoka jikoni kwa Mwalimu Apolonia, huyaleta kwenye kopo la maziwa. Siku ile pia aliyaleta yeye. Nilimwona akiinama kuuchora mstari ule, taratibu, umenyooka, kwa mkono wa mtu aliyezoea ubao.

Mjomba alisoma vizuri. Alipofika kwenye pilipili akanyamaza kidogo, kama nilivyomwekea alama. Halafu akaisema. Kicheko kilianzia kwa wachimbaji waliokaa nyuma, kikaja mbele. "Hapo umempata!" mtu akapiga kelele. Kina mama walijifunika midomo kwa kanga, wakacheka ndani ya kanga. Mama yangu mzazi alicheka. Mkuu wetu wa Shule, aliyekuwa meza kuu, aliangalia viatu vyake.

Mwalimu Apolonia akasimama kujibu. Kwa sheria yake mwenyewe, akaanza kurudia hoja za Mjomba, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Alirudia na ile. Aliisema kwa sauti ileile, polepole, neno kwa neno, akamuuliza, "Ndivyo ulivyosema, Bwana Valerian?"

"Ndivyo," Mjomba akasema, akicheka.

Sasa ilikuwa zamu yake kujibu. Akafungua mdomo. Mwanamke aliyewatoa vijana tisa shimoni kwa karatasi tupu alisimama pale mdomo wazi, na neno halikuja. Akakaa. Watu wakasogea. Nilisikia miguu inavuka majivu, kandambili na viatu vya mvua, nikajua kwamba nimekihamisha kijiji.

Ijumaa iliyofuata mdahalo uliendelea kama kawaida. Alichora mstari. Alisema tu, bila kumtazama mtu, "Hotuba ya Jumanne ilijengwa na fundi. Fundi huyo anajua kazi. Sijui kama anajua nyumba imeangukia nani." Akagawa mada. Sijawahi kuwa na hasira na mtu kama nilivyokuwa na hasira naye dakika ile. Kwa nini hakunitaja? Kwa nini hakunipiga? Mwaka mzima na nusu ameniachia kalamu mkononi, anasahihisha insha zangu, ananiandikia pembeni kwa wino wa kijani "vizuri, lakini unajificha." Nilimchukia kwa upole ule. Leo naelewa kwamba alikuwa ananirudishia hoja yangu, na alikuwa anasubiri mimi mwenyewe niseme, "Ndivyo nilivyosema."

Ndivyo nilivyosema, Mwalimu.

Wiki hii ofisi ilinipa faili lake ili nipate tarehe za kuhama na kupanda vyeo. Ndani yake kuna karatasi nyingine za ruhusa, za miaka ya tisini, kutoka Mhunze. Nilizisoma. Sitaandika kilichomo, maana hiyo ni nyumba yake na nimeshaigusa mara moja. Nasema moja tu, na nataka lisikike hadi kwenye viti vya nyuma: sentensi yangu ilikuwa uongo. Niliiandika bila kujua kama ni kweli au uongo, na jambo linalonitisha ni kwamba sikujali, kwa sababu ilikuwa tamu.

Na bweni? Mjomba alichimba mashimo mawili, akakutana na maji, akahamia kwingine. Mawe ya wazazi yametumika kujengea kingo za maduara yake. Kiwanja kimekaa mikononi mwake, kina mashimo mawili yenye vyura. Klara, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, alikuwa amepanga chumba senta. Aliacha kuja shule Agosti mwaka jana. Ana mtoto wa kiume sasa, anauza maandazi njia ya machimboni. Nilipita mwezi uliopita akanifungia mawili, akakataa hela, akaniuliza, "Dorah, bweni limefikia wapi?" Yeye hakuwepo mkutanoni. Anadhani bado linajengwa.

Nikachukua maandazi nikaondoka. Mimi ni mtu wa kutojibu, kila mtu anajua.

Halafu naletewa ratiba ya sherehe. Mgeni rasmi: Bwana Valerian, kwa kutoa maturubai na ng'ombe mmoja. Atamkabidhi Mwalimu zawadi, kitenge na saa ya ukutani. Waliocheka watakaa mbele na kula pilau. Mkuu wa Shule atasema "tunu ya taifa." Na Jumamosi, siku moja tu baada ya pilau, mkutano wa kijiji unakaa, ajenda ya nne: Bwana Valerian anaomba aongezewe miaka mitatu kwenye kiwanja. Mnamuaga Ijumaa kwa vigelegele, Jumamosi mnamzika. Hamwoni haya? Mimi naona, na haya zangu nimezibeba peke yangu muda mrefu vya kutosha, chukueni na zenu.

Lakini Mwalimu angenikatisha hapa. Angesema, "Dorah, umewapiga. Hujawahamisha. Wasaidie wasimame vizuri kwanza."

Haya. Mlivuka majivu kwa sababu vijana hawana kazi na mkanda wa dhahabu ni kitu kinachoonekana, wakati bweni ni lundo la mawe tu. Mlivuka kwa sababu mtu alikuwa amechekwa, na kusimama upande wa mtu anayechekwa kunahitaji miguu migumu. Ndivyo? Kama ndivyo, basi sikilizeni: kazi haikuja, dhahabu haikuwepo, na aliyewachekesha alikuwa mtoto wa Kidato cha Pili aliyetaka sifa. Hamjafungwa na kicheko changu. Nakiondoa.

Ijumaa nikimaliza kusoma, nitauchora mstari pale uwanjani, mbele ya meza kuu. Majivu nitayatoa jikoni kwetu, yaani jikoni kwa Mjomba. Sitaomba makofi. Anayetaka kiwanja kirudi kwa bweni asogee upande wa Mwalimu Apolonia, ili Jumamosi mwenyekiti asipate taabu ya kuhesabu. Nitasogea wa kwanza. Huenda nikawa peke yangu, na usiku wa siku hiyo sijui nitalala kwa nani. Mama, nikikuangalia usiangalie kanga yako.

Mwalimu Apolonia, nilipaswa kufunga kwa shukrani na dua. Asante kwa chaki, kwa kibao kilichopumzika msumarini, kwa wino wa kijani. Asante kwa kutonitaja, ingawa sijakusamehe bado kwa hilo. Nenda kapumzike, ng'ombe wako wanenepe, mtama wako usiliwe na ndege, na kila atakayepiga hodi kwako aje na neno zuri. Na siku ukisikia wasichana wanagombania ndoo bwenini alfajiri, ujue ni miguu iliyohama.

Mara mbili leo nimeificha karatasi hii chini ya atlasi, mara ya kwanza alipoingia mtu aliyefuata chaki, mara ya pili ilikuwa upepo tu. Sasa nasikia viatu kwenye korido. Ni vya Mkuu wa Shule, kisigino chake cha kulia kina msumari, kinagonga sakafu. Anafuata wasifu ili ukachapwe.

Nimeuchana ule mchangamfu. Huu uko juu ya meza, maandishi juu, na mikono yangu iko magotini. Hotuba zote nilizowahi kuandika hazikuwa na jina la mwandishi. Huu unalo.

Dorah Mageni, Kidato cha Tatu